Presha ya mama imegoma kushuka, mjomba kamwachia dawa za Uingereza. Hivi dawa za presha zinachagua mtu?

mwana_mikindani

Wakuu habari za humu, wakubwa zangu shikamooni. Nina jambo linanikosesha usingizi naomba mwenye kujua anisaidie.

Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Mikindani. Presha yake iligundulika mwaka juzi kwa bahati tu, alimpeleka mjukuu kupimwa uzito nesi akamwambia hebu na wewe bibi kaa hapa nikupime, ikasoma 178/104. Wakampa dawa mbili, amlodipini na ile ndogo ya kukojoza HCT, ikashuka ikawa inacheza kwenye 150 na kitu. Haikushuka zaidi ya hapo lakini angalau.

Sasa mwezi wa kumi na mbili mjomba akaja likizo. Yeye yuko Uingereza zaidi ya miaka ishirini, naye ana presha. Alipoziona dawa za mama akacheka akasema hizi ni za bei chee za kugawia watu, sie kule tunapewa hii, akatoa lisinoprili akamwachia boksi tatu. Na kwa sie watu wa huku mnajua, mjomba akishasema nani wa kubisha? Mama akaziweka za zahanati kabatini akaanza za mjomba. Leo wiki ya sita, juzi nimempeleka kupima ni 182/100, na kikohozi kikavu hakimwachi usiku, nikadhani vumbi la kufagia uwanja.

Kuna jirani ananiambia dawa za wazungu hazishiki kwa watu weusi, damu zetu tofauti. Mwingine anasema huo ni ubaguzi tu, dawa ni dawa. Nani mkweli hapo? Na je nimrudishe za zamani au nizichanganye zote?

kijana_wa_shangani

Pole sana ndugu. Achana na vidonge, kitunguu swaumu punje mbili asubuhi na maji ya ndimu moto, bibi yangu alitumia na yule mpaka leo anapanda mnazi (natania mnazi lakini yuko fiti). Presha ni mafuta yameganda kwenye mishipa, ndimu inayeyusha.

nesi_mstaafu_lindi

We kijana wa Shangani nakupenda bure lakini ndimu haiyeyushi kitu kwenye mshipa. Ndimu weka kwenye mchuzi ili upunguze chumvi, hapo itakuwa imefanya kazi kubwa.

Mwanangu wa Mikindani, kwanza usichanganye. Hicho kikohozi kikavu ni tabia ya dawa za jamii ya lisinoprili, kaptoprili, enalaprili, zote ndugu moja. Sio vumbi. Ila kuna kubwa zaidi nataka unijibu sasa hivi: midomo, ulimi au uso wake umewahi kuvimba hata kidogo tangu aanze? Dawa hizi zinaweza kuvimbisha ulimi mpaka mtu akashindwa kuvuta hewa, inatokea kwa wachache, lakini kwa watu weusi inatokea zaidi kuliko kwa wazungu. Ikitokea usisubiri asubuhi, ni hospitali hapo hapo.

Kesho mpeleke alikoandikiwa dawa, wabebe boksi zote mbili, za zamani na za mjomba, mweleze daktari ukweli wote bila kuficha. Wazee wanaficha, wanaogopa kugombezwa, mtoa dawa anaandika dozi kubwa zaidi akidhani ile ya mwanzo imeshindwa kumbe haikunywewa. Nimeliona hilo miaka thelathini ya kazi.

Na akipata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono mmoja kukosa nguvu au maneno kuparaganyika, hiyo sio ya kesho. Ni sasa hivi hata kama ni saa nane usiku na bodaboda anataka bei ya kuruka.

Afu niambie hiyo 182 ilipimwaje.

mwana_mikindani

Asante mama. Kuvimba hapana, nimemuuliza sasa hivi anasema hapana. Kesho alfajiri tunakwenda. Kupimwa, alipanda ule mlima kwa miguu akafika akaketi akapimwa, alikuwa anaongea na shoga yake waliyekutana foleni, na mkono ulikuwa na nguo ya mikono mirefu ikabidi wafunge juu yake maana haikunjiki.

nesi_mstaafu_lindi

Hapo sasa. Mlima, mazungumzo na nguo, vyote vinapandisha namba. Akae dakika tano kimya mgongo umeegemea, miguu chini isikunjwe nne, mkono wazi uwe juu ya meza usawa wa moyo, awe ameshakojoa. Apimwe mara mbili. Sisemi hana presha, anayo, ila usije ukaongezewa dawa kwa sababu ya mlima wa Mikindani.

mfamasia_kusini

Nimechelewa kuiona hii. Nijibu swali la msingi maana jirani wote wawili wana ukweli nusu nusu.

Dawa hazichagui rangi kama mlinzi wa getini, ila kwa wastani kuna kundi la dawa likitumika peke yake kwa watu wenye asili ya Afrika linashusha kidogo kuliko kwa wengine. Kundi lenyewe ndo hilo la lisinoprili. Sababu inayoelezwa ni kwamba wengi wetu miili inashikilia chumvi na ile homoni ya figo inaitwa renini iko chini, sasa dawa inayofanya kazi kwa kuzuia njia ya renini inakuta mlango tayari umefungwa, inasukuma nini? Wakati amlodipini inalegeza mshipa wenyewe, na HCT inatoa chumvi na maji kwenye mkojo, hizo zinagusa tatizo lenyewe.

Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa ALLHAT ulitoka 2002, watu zaidi ya elfu 33, theluthi hivi walikuwa weusi. Kwa weusi walioanzishwa lisinoprili kiharusi kilikuwa zaidi kwa asilimia 40 ukilinganisha na waliopewa dawa ya kukojoza ya ndugu na HCT. Hiyo ni Marekani. Sasa mkasema sie sio Wamarekani, sawa, kuna mwingine unaitwa CREOLE ulitoka 2019, huu ulifanyika Afrika kwenyewe: Kenya, Uganda, Nigeria, Kameruni, Afrika Kusini na hapo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Wagonjwa 728. Walilinganisha dawa mbili mbili kwa pamoja. Waliopewa zenye amlodipini ndani, iwe na HCT au na perindoprili ambayo ni ndugu yake lisinoprili, walishuka vizuri kuliko wale wa perindoprili na HCT bila amlodipini. Tofauti haikuwa kubwa, kama alama 3 kwenye namba ya juu, lakini ilikuwepo.

Kwa hiyo hizo "za bei chee" alizocheka mjomba, amlodipini na HCT, ndo hasa mchanganyiko uliofanya vizuri kwa watu kama mama yako. Bei chee haina maana dawa mbaya, ina maana imezoeleka na viwanda vingi vinaitengeneza.

Halafu angalia hapo kwenye CREOLE, ndugu yake lisinoprili akiwa na amlodipini alifanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo usiende ukasema dawa ile haifai kwa mtu mweusi. Peke yake ndo dhaifu. Nikuulize, mjomba ana sukari?

mwana_mikindani

Heee mkuu umejuaje?? Anayo, anachoma sindano kabisa. Ina uhusiano gani?

mfamasia_kusini

Ndo uhusiano wenyewe. Mwongozo wa kule Uingereza unasema mtu mwenye asili ya Afrika au Karibiani ambaye hana sukari aanze na amlodipini na ndugu zake, umri wowote. Lakini mwenye kisukari aina ya pili anaanzishwa kundi la lisinoprili au la losartani haijalishi rangi yake, na kwa mweusi wanapendelea losartani na wenzake kwa sababu ya ule uvimbe aliousema mama nesi. Sababu mojawapo kubwa ya hizo dawa kwa mwenye sukari ni kulinda figo. Kwa hiyo mjomba hakupewa lisinoprili kwa kuwa ni dawa bora ya Uingereza, kapewa kwa kuwa yeye ni mjomba mwenye sukari. Angeenda mama yako kwenye kliniki ya Uingereza leo, bila sukari, wangemwandikia amlodipini ile ile aliyoiweka kabatini.

Na mwambie mjomba kwa heshima, asigawe dawa zake. Siku akimwachia binti aliye na mimba itakuwa balaa, kundi hilo linaharibu mtoto tumboni, losartani nayo vile vile.

mwalimu_nachi

Naingilia kidogo, mimi sio daktari ila hili la "damu zetu" huwa linanikera na mfamasia naye kalipita haraka. Tukisema presha ni damu ya mtu mweusi, mtu anakaa chini anasema basi ndo nilivyoumbwa, anaendelea na chumvi yake.

Kuna watafiti walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi sehemu saba, wakatoa majibu 1997. Afrika Magharibi presha asilimia 16, visiwa vya Karibiani 26, Marekani 33. Asili moja hiyo! Kinachobadilika ni mahali, uzito, chumvi, maisha. Baadaye 2005 wakalinganisha tena na wazungu, Wajerumani na Wafini wakakutwa na presha kuliko hata hao Wamarekani weusi. Sasa damu iko wapi hapo?

Na karibu yetu zaidi, kuna utafiti wa Wajaluo wa Kenya waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, ulitoka 1990. Waliwapima mara kwa mara, presha zao zikapanda kuzidi wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu imepungua. Walibadili jiji, damu ni ile ile ya kina Otieno.

Sasa tuseme huku kwetu. Mimi nimezaliwa Nachingwea, babu yangu alikufa na miaka mingi sana hajawahi kupimwa lakini alikuwa anakula mbaazi, muhogo, kisamvu, mihogo ya kuchoma, na chumvi ilikuwa inapimwa kwa kidole maana ilikuwa ya kununua. Leo mjukuu wake anakula chipsi mayai na soseji pale stendi na kwenye chipsi anaongeza chumvi kabla hajaonja. Tunazo takwimu za nchi nzima za 2012, watu wazima wa miaka 25 mpaka 64 asilimia kama 26 walikuwa na presha ya juu. Mmoja kati ya wanne. Sio ugonjwa wa matajiri wa Masaki tena.

mfamasia_kusini

Mwalimu nakubali, na sikusema damu, nilisema "kwa wastani". Rangi kwa daktari ni njia ya mkato tu ya kubahatisha dawa ya kuanzia pale ambapo hawezi kupima renini ya kila mtu. Mgonjwa akishapima baada ya mwezi, namba yake mwenyewe ndo inaongea.

mzee_wa_tandahimba

Vijana nawasoma toka asubuhi. Mimi sijui renini ila najua presha, ninayo mwaka wa tisa.

Nilikuwa kama huyo mama. Napewa dawa ya mwezi, nakunywa siku kichwa kikiuma, kisipouma naziweka akiba. Nikajiona mjanja, dawa ya mwezi mmoja inanifikisha miezi minne. Na ile ya kukojoza nilikuwa naiacha kabisa siku za mnada, maana msimu wa korosho unapanda gari kutoka huku mpaka Newala mjini gari imejaa magunia na watu, utamwambia dereva simama mzee ashuke mara nne? Aibu. Kumbe msimu unaanza mwezi wa kumi mpaka mwaka unakaribia kuisha mimi siku nyingi sijanywa.

Halafu wakati wa kupulizia mikorosho salfa, miezi ile ya sita ya saba, mashine mgongoni kutwa, usiku mgongo hauna hamu, nameza diklofenaki. Naimeza kama karanga. Kila duka la dawa wanakupa bila swali. Presha ikawa 190 mimi najiuliza dawa zimechakachuliwa? Siku moja daktari mmoja kijana, mpole, akaniuliza unatumia nini kingine mzee. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Akaniambia hiyo diklo na ibuprofeni zinazuia figo kutoa chumvi, zinapandisha presha na zinapigana na dawa ninazokunywa. Nikaacha, nikahamia parasetamo na kuchua. Na ile ya kukojoza akasema siku ya safari mzee kunywa ukishafika, usiiruke.

Mdogo wangu hakupata wa kumuuliza. Alianguka shambani akiwa juu ya ngazi ya kuangulia nazi, tukadhani kaanguka akaumia, kumbe kiharusi kilimpata akiwa juu. Sasa ni mwaka wa nne upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yake anayaelewa mkewe peke yake. Alikuwa na 200 na kitu na hakuwahi kuumwa kichwa siku hata moja. Msingoje kichwa.

Mleta mada muulize mama yako anakunywaje hizo dawa. Usiulize kama anakunywa, atakwambia ndiyo. Mwambie akuletee pakti uhesabu zilizobaki.

mwana_mikindani

Babu shikamoo, pole sana na mdogo wako. Nimehesabu wallahi. Zile amlodipini alizopewa mwezi wa kumi na moja kabla ya mjomba, za siku thelathini, zimebaki kumi na saba. Na za HCT zimebaki ishirini na mbili. Kwa hiyo hata ile 150 ilikuwa ya dawa nusu. Nimemuuliza kwa upole akasema miguu inavimba akinywa ile, na ile nyingine anakesha chooni na choo chetu kiko nje, giza.

bi_mkubwa_kilwa

Mwanangu mpe dawa ya kukojoza asubuhi akishakunywa chai, asinywe usiku, usingizi utarudi. Na hiyo miguu kuvimba amwambie daktari, mie ya kwangu walinipunguzia dozi ikaisha. Watu wanaona miguu wanasema figo limekufa, wanaacha.

Lakini hamjaingia jikoni bado. Wanaume mnaongea dawa tu! Hebu niambie mwanangu nyumba yenu mnakula nini, na pakti ya chumvi ya nusu kilo inakaa siku ngapi, mko wangapi?

mwana_mikindani

Tuko watano. Chumvi... naona kila wiki hivi naagizwa. Siku nane tuseme. Chakula ni kawaida tu, wali nazi, ugali wa muhogo, samaki, mchana mara nyingi papa ng'onda (yule wa kukaushwa na chumvi) wa nazi mama anampenda mno, jioni ming'oko, vile viazi vya porini, ikiwepo, anachemsha na chumvi.

bi_mkubwa_kilwa

Haya tufanye hesabu ya mama ntilie. Gramu 500 gawa siku 8, ni gramu 62. Gawa watu watano ni 12 na nusu kila mmoja. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 5 kwa mtu mzima kwa siku, ni kijiko cha chai kimoja cha kufuta, na hapo umehesabu chumvi yote mpaka iliyo kwenye mkate. Nyumba ya watu watano nusu kilo ingefika siku ishirini. Najua nyingine inamwagwa na maji, nyingine mnapaka samaki, toa unavyotaka, bado mko mbali. NA HAPO NG'ONDA HUJAMHESABU!! Yule ni chumvi yenye mapezi.

Sie watu wa pwani hii chumvi tumeizaa wenyewe, mashamba ya chumvi yako Kilwa yako Lindi yako Mtwara, unapita njiani unaona malundo meupe. Ndo maana mkono wetu hauogopi. Na msinidanganye kwamba ya mawe ya hapa nyumbani haina madhara kuliko ya dukani, chumvi ni chumvi, afu ya dukani ina madini joto, mtu asije akaiacha kwa sababu hiyo.

Namna niliyofanya mie: ng'onda namloweka toka usiku, maji namwaga mara mbili tatu, halafu mchuzi wake siuwekei chumvi hata punje, anatosha mwenyewe. Na mara moja kwa wiki, sio kila siku. Samaki mbichi natia ndimu, tangawizi, pilipili, kitunguu, tui. Kisamvu natia korosho ya kusaga isiyo na chumvi badala ya karanga za kukaanga, utajilamba. Wiki mbili za kwanza nyumba nzima walininunia, mume wangu alikuwa anakwenda kula kwa dada yake. Wiki ya nne akala kwa dada yake akarudi anasema mchuzi umezidi chumvi. Ulimi unazoea.

Muhogo, mbaazi, kunde, kisamvu, ndizi, maembe, hivyo msimnyime, vina potasiamu ambayo inasaidia kuitoa chumvi. Ila kama figo zake zina shida aulize kwanza.

kijana_wa_shangani

Bi mkubwa nimenyoosha mikono. Lakini jasho je? Huku joto, mtu anatoka jasho kutwa, asipokula chumvi si ataishiwa nguvu?

bi_mkubwa_kilwa

Jasho lako la kukaa kijiweni unacheza bao mwanangu?

nesi_mstaafu_lindi

Haha. Kijana, hata mkulima anayetoka jasho hiyo gramu kumi na mbili ni nyingi, mwili unazoea joto na unapunguza chumvi kwenye jasho. Anachohitaji zaidi ni maji.

Kuna watakaokuuzia chumvi mbadala yenye potasiamu. Inafanya kazi, Wachina waliijaribu vijiji 600, watu karibu elfu 21, majibu 2021, kiharusi kikapungua asilimia 14. Lakini mwenye shida ya figo au anayekunywa losartani au lisinoprili asijinunulie tu bila daktari, potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Kwetu huku kupunguza mkono jikoni ni bure.

Na uraka, pombe ya mabibo, na gongo, mzee wa Tandahimba hajasema lakini namjua mwenye mikorosho, mabibo hayaachwi yaoze.

mzee_wa_tandahimba

Nesi hayo ya uraka tuyaache, nilishapunguza. Kidogo.

abuu_lindi

Mie swali jingine, Ramadhani dawa mnakunywaje? Baba yangu mwaka jana aliacha mwezi mzima anasema funga inashusha presha yenyewe.

mfamasia_kusini

Wengine funga inawashusha kidogo kweli, lakini asiache. Amlodipini ni mara moja kwa siku, anywe akifuturu. HCT nayo anaweza kunywa baada ya futari, sio daku, akinywa daku atakojoa asubuhi yote na hawezi kunywa maji mpaka magharibi. Dawa za mara mbili kwa siku kama kaptoprili hizo ndo za kwenda kubadilishiwa kabla mwezi haujaandama. Na futari yenyewe, ile meza ya sambusa, kachori na mihogo ya nazi yenye chumvi, baba apakuliwe kwa jicho. Amwone daktari wiki mbili kabla, mwenye presha ya juu sana au aliyepata kiharusi karibuni wasiamue wenyewe.

mwana_mikindani

Wakuu narudi kama nilivyoahidi, imekuwa wiki tano.

Tulikwenda asubuhi ile. Daktari alisikiliza, hakugomba, akamsimamisha lisinoprili akamrudisha kwenye amlodipini ndogo na HCT asubuhi, akampima sukari na mkojo na damu ya figo, vyote vizuri. Kikohozi kilichukua kama wiki tatu kikaisha. Nimenunua mashine ya kufunga mkono wa juu, ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono muuzaji aliniuzia maneno mengi nikaikataa maana nilisoma haisomi vizuri. Nampima asubuhi kabla ya dawa na jioni, naandika kwenye daftari la mtoto. Wiki hii wastani ni 144/88. Daktari anasema bado anataka chini ya 140 kwa 90, tutarudi mwisho wa mwezi aangalie kama ataongeza.

Nusu kilo ya chumvi sasa ni siku kumi na tano. Mama kanuna, anasema nimemfanya mgonjwa wa hospitali, ila ng'onda wa kulowekwa kamkubali. Nimemwekea taa ya sola njia ya chooni, dada zangu wanasema kwa nini haikuwekwa siku zote hizo.

Kwa mjomba ilibidi mama mwenyewe apige simu, mimi singeweza. Nilikuwa nimekaa pembeni nasikia. Akamwambia kaka dawa zako zimenikohoza, na mfamasia anasema zile ni za wenye sukari. Mjomba akanyamaza kidogo, nikajua sasa anakasirika. Halafu akauliza, hao ng'onda mnaowaloweka mnaweza kunitumia Uingereza, kuna mtu anakuja mwezi ujao?